Kofia ya Stovu ya Bibi

Katika simu yangu kuna faili moja la sauti lenye dakika 14. Ukilifungua utasikia ngurumo tu, kama ya lori linalopanda mlima bila kufika kileleni. Ndani ya ngurumo hiyo bibi yangu anazungumza. Anasimulia usiku wa mwisho aliokaa na mdogo wake wa kiume, aliyeondoka nyumbani mwaka 1991 asirudi tena. Nimelisikiliza faili hilo zaidi ya mara ishirini, na maneno niliyoweza kuyatambua hayafiki kumi.

Insha hii inahusu ngurumo hiyo: inatoka wapi, ilifikaje nyumbani kwetu, na jinsi tulivyoinyamazisha kwa kofia ya chuma iliyotengenezwa kwa mkono. Nilipoanza kuiandika nilidhani ninaandika historia ya jiko.

Tunaishi Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali. Majirani zetu wengi hupikia mkaa kwenye jiko tunaloliita imbabura, na wenye uwezo hutumia gesi. Bibi naye ana imbabura yake. Lakini jioni, baada ya chakula, anapotaka chai ya tangawizi, hutoa chini ya meza stovu yake ya pampu, ya shaba nyeupe iliyochakaa, yenye miguu mitatu. Humimina spiriti kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa cha stovu, huiwasha, husubiri, kisha hupiga pampu. Stovu huanza kunguruma, na bibi huanza kusimulia.

Mchana hasimulii. Ukimwuliza habari za Karagwe saa nane mchana atakujibu, "Tuliishi, mjukuu wangu," na habari imekwisha. Kwa hiyo, mwalimu wetu wa Kiswahili alipotupa kazi ya kurekodi masimulizi ya mzee mmoja na kuyaandika, sikuwa na budi kurekodi jioni, kando ya stovu. Hivyo ndivyo nilivyopata zile dakika 14 za ngurumo. Nilipomwomba bibi arudie, alinitazama akasema, "Hilo nimeshalisema." Sikuthubutu kuomba mara ya pili.

Nilianza kwa kukichunguza chombo chenyewe. Nilisugua tangi kwa majivu na ndimu hadi maandishi yakaonekana: Primus, B.A. Hjorth & Co., Stockholm. Nilipomweleza mwenzangu darasani kwamba ninafanya utafiti juu ya Primus alicheka sana, kwa maana hapa Rwanda jina hilo ni la bia. Lakini kabla ya bia kulikuwa na stovu. Mwaka 1892, fundi wa kiwandani aliyeitwa Frans Wilhelm Lindqvist, wa Stockholm nchini Uswidi, alitengeneza jiko la mafuta ya taa lisilotoa masizi. Majiko ya mafuta ya wakati huo yalitumia utambi, na utambi huchafua sufuria na kuijaza nyumba moshi. Lindqvist aliuacha utambi. Katika jiko lake, pampu husukuma hewa ndani ya tangi, hewa huyapandisha mafuta hadi kwenye kichwa ambacho tayari kimepashwa moto kwa spiriti, mafuta hugeuka mvuke, na mvuke huchomoka kwa kasi kupitia tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Unapotoka, huvuta hewa na kuchanganyika nayo, ndipo unapoungua kwa moto wa bluu. Fundi mwenzake wa Uswidi, Carl Richard Nyberg, alikuwa ametumia wazo linalokaribiana na hilo katika taa ya kuchomelea ya mafundi miaka kumi hivi kabla yake.

Kampuni ya B.A. Hjorth ndiyo iliyoyasambaza majiko hayo duniani. Roald Amundsen alikuwa nayo alipofika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Edmund Hillary na Tenzing Norgay waliyeyushia theluji kwenye Primus katika kambi yao ya mwisho kabla ya kufika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953. Majiko hayohayo yaliuzwa pia katika maduka ya miji ya Afrika Mashariki, karibu na karabai, sabuni na vitenge, na kwa watu wetu hayakuwa vyombo vya safari bali vya jikoni. Biashara ya stovu za mafuta za Primus iliuzwa kwa kampuni ya Optimus mwaka 1962. Hivyo jina la Hjorth lililopo kwenye tangi letu linatuambia kwamba stovu hii ilitengenezwa kabla ya mwaka huo. Babu aliinunua Bukoba baada ya ndoa yao, ikiwa imeshatumika. Nani aliyeitumia kabla yake, hatujui.

Bibi alifika Karagwe mwaka 1961 akiwa msichana wa miaka 12, pamoja na wazazi wake, miongoni mwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Mwaka huohuo, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ilipata uhuru. Aliolewa hukohuko, akazaa hukohuko, na Kiswahili chake ni cha hukohuko. Aliporudi Rwanda mwaka 1995 alibeba watoto, magodoro mawili, na stovu iliyofungwa ndani ya blanketi. Watu walimshangaa: mbona hakubeba kitu cha maana zaidi? Nami nilimshangaa hivyohivyo kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwenye ngurumo. Kwa nini stovu hii inapiga kelele? Juu ya kichwa chake kuna kisahani cha chuma. Mchanganyiko wa mvuke na hewa hupanda kwa kasi, hukigonga kisahani hicho na kutawanyika pembeni, na moto huungua katikati ya vurugu hiyo ya hewa. Vurugu ndiyo sauti. Lakini nilipoendelea kusoma niligundua jambo lililonishtua: hakuna lazima iwe hivyo. Mapema katika karne ya 20 watengenezaji wa stovu hizi walikuwa wakiuza vichwa vya aina mbili, chenye kunguruma na cha kimya. Kichwa cha kimya hakina kisahani. Kina kofia yenye matundu mengi madogo, na badala ya moto mmoja mkubwa unaogombana na hewa, unapata mamia ya ndimi ndogo za moto, kila moja imetulia mahali pake.

Kama kimya kilikuwepo, kwa nini watu walinunua kelele? Sababu zipo. Kichwa cha kunguruma kina sehemu chache, hakiziby­wi upesi na masizi, na upepo hauuzimi moto wake kwa urahisi. Kofia za kichwa cha kimya huungua na kuchakaa, na zikipotea stovu haifai kitu mpaka upate nyingine. Kwa mtu wa Karagwe anayelima mbali na duka, kelele ni bei ndogo ya kulipia jiko lisiloharibika. Niliyaandika hayo kwenye daftari langu na kuridhika nayo. Baadaye niligundua kwamba sababu moja ilikuwa imenipita.

Niliamua kutengeneza kofia mwenyewe. Ya kwanza niliikata kutoka kopo la nyanya na kuitoboa kwa msumari matundu 90. Nikang'oa kisahani, nikaiweka kofia, nikawasha stovu nje uani, mbali na nyumba. Sauti ilipungua, ndiyo, lakini moto ulikuwa wa manjano, ulitoa masizi, na baada ya dakika chache bati liliiva likawa jekundu na kulegea upande mmoja. Niliifungua skrubu ya hewa haraka, stovu ikazimika. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Utatuchoma," alisema, akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda pikipiki hadi Gakiriro ya Gisozi, mahali ambapo maseremala na mafundi wa vyuma wa eneo letu hufanyia kazi. Nilimpata fundi mmoja mzee anayechomelea mageti. Aliigeuzageuza kofia yangu, akacheka, akaniuliza, "Mdomo wa kichwa una upana gani?" Tulipima: milimita 16. Alichukua kipande cha chaki, akapiga hesabu kwenye ubao wa meza yake. Mdomo wa upana huo una eneo la takriban milimita za mraba 201. Tundu la milimita 1 lina eneo la takriban 0.785. Matundu yangu 90 yalikuwa yanatoa njia ya milimita za mraba 71 tu. "Umeukaba koo," alisema. "Mvuke unakuja kama umati wa watu, nawe umeufungulia dirisha. Hewa inayotakiwa haiingii, ndiyo maana moto ni wa manjano."

Nilimwuliza kwa nini tusitoboe matundu machache lakini makubwa. Alitikisa kichwa. Tundu likiwa kubwa, alisema, moto utaingia ndani ya kofia na kuungua mahali pasipo pake. Sikuelewa mpaka nilipokumbuka somo la fizikia. Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alitengeneza taa ya wachimbaji wa makaa ya mawe kwa kuuzungushia moto wavu wa nyaya nyembamba. Gesi ya mgodini huweza kupita kwenye wavu, lakini moto haupiti, kwa sababu chuma hunyonya joto lake kabla haujavuka tundu dogo. Fundi wangu hakumtaja Davy. Alijua tu kwamba tundu lisizidi milimita moja na nusu, na alijua hivyo kwa sababu nyusi zake ziliwahi kuungua.

Tulitumia kikombe cha chuma kisichoshika kutu, cha aina ya vile vinavyouzwa sokoni kwa ajili ya watoto. Alikata kitako chake kikawa kofia, akanipa karatasi nichore vitone kwa safu, kisha akatoboa kwa keekee ya mezani matundu 280 ya milimita 1, yaani takriban milimita za mraba 220, zaidi kidogo ya mdomo wa kichwa. Alivunja vyuma vitatu vya keekee, na vyote nilivilipia. Ndani ya kofia alichomelea bamba dogo lenye matundu yake, ili mvuke usipande wote katikati bali usambae kwanza. Ukingo wa chini aliukunja ushike kichwa bila nafasi, maana mvuke ukitoroka chini utawaka karibu na tangi.

Tuliijaribu palepale, nje, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Kwa robo saa alikuwa akigusa tangi kwa kiganja kila baada ya dakika mbili. Alieleza kwamba kofia inaweza kurudisha joto chini, na tangi likipata joto kupita kiasi shinikizo hupanda, na hapo kimya chako kitaishia kwa mlipuko. Tangi lilibaki vuguvugu. Moto ulikuwa wa bluu. Sauti iliyobaki ilikuwa kama ya mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba.

Nilirudi nyumbani kama mshindi. Jioni ile nilifungua mlango wa jikoni upate kuingiza hewa, nikawasha stovu, nikaweka simu juu ya kigoda na kubonyeza kitufe cha kurekodi. Bibi alikaa. Aliinama akatazama chini ya sufuria. "Imezimika?" aliuliza. Nilimwambia hapana, inawaka, ni kofia tu. Akasema, "Aa." Akatia tangawizi. Akanywa chai yake. Akaenda kulala.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Rekodi zangu za siku hizo ni safi kabisa: unasikia kijiko kikigusa kikombe, mbwa wa jirani, na mtu akipita barabarani akizungumza na simu. Bibi husikii, kwa sababu hakusema kitu.

Siku ya tatu alisema, "Mjukuu wangu, zima hiyo simu." Nikaizima. Ndipo aliponieleza. Ninaandika maelezo yake kwa maneno yangu, naye amenisikia nikiyasoma na kuyakubali.

Nyumba yao ya Karagwe ilikuwa ya miti na udongo, na iligawanywa na familia nyingine kwa ukuta wa matete uliokandikwa. Ukikohoa huku, wa kule atakuambia pole. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika: sukari, sabuni, mafuta ya taa. Mwaka 1983 serikali ilipoanza msako wa wahujumu uchumi, hata kilo mbili za sukari ziliweza kuzua maswali. Babu na bibi walijifunza kuzungumza stovu ikinguruma. Mtu anayetaka kusema jambo la ndani alisema, "Tuchemshe chai." Watoto walikua wakijua kwamba stovu ikiwaka, watu wazima wana mazungumzo. Vita vilipoanza Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990, na vijana wengi wa wakimbizi wakaanza kuondoka kwenda kujiunga navyo, mazungumzo ya namna hiyo yaliongezeka katika nyumba nyingi. Hakuna aliyetaka mtoto wake ajulikane ameondoka kabla hajafika mbali.

"Ile kelele ilikuwa mlango wetu," bibi alisema. "Wewe umeung'oa."

Nilikaa kimya muda mrefu. Katika masomo yetu tumefundishwa kuhusu Jan Vansina, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi hapa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961. Tunamtaja katika mitihani: simulizi haitenganishwi na msimulizi, mahali na hali inamosimuliwa. Niliwahi kuiandika sentensi hiyo nikapata alama zote. Lakini katika nyumba yangu mwenyewe niliichukulia hali ya kusimulia kuwa ni uchafu wa kusafishwa kwenye rekodi. Nilijua kwa nini watengenezaji walitengeneza stovu ya kunguruma. Sikuwa nimejiuliza kwa nini bibi aliipenda.

Nilitaka kuiondoa kofia usiku uleule na kurudisha kisahani. Nilinyoosha mkono, bibi akauzuia. Alisema masikio yake siku hizi yamechoka. Stovu ikinguruma yeye mwenyewe hanisikii, hunitazama midomo tu. Na majirani wa hapa Kagugu, alisema, hawana haja na sukari yake. Aliniomba niiache kofia, nikiweke kisahani kwenye droo pamoja na sindano ya kuzibulia, mahali anapoweza kukipata. Akitaka mlango, ataufunga mwenyewe.

Wiki mbili zilipita. Baadhi ya jioni nilikuta kisahani kimerudishwa, stovu ikinguruma kama zamani, na shangazi yangu ameketi karibu naye. Nilipita bila kuuliza. Jioni nyingine kofia ilikuwa mahali pake. Katika mojawapo ya hizo, simu ikiwa chumbani kwangu, bibi alinisimulia tena usiku wa mdogo wake, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya chini isiyoshindana na kitu chochote. Nilisikia kila neno.

Sitayaandika yote. Nilimwuliza ni kipi anachoniruhusu kukiweka katika insha, akafikiri, akanipa kimoja. Usiku ule hapakuwa na majani ya chai wala sukari nyumbani, na mafuta ya taa yalibaki chini ya nusu chupa. Hata hivyo waliiwasha stovu, wakatenga sufuria ya maji matupu, na yakachemka mpaka yakakauka. Wakajaza mengine, yakachemka tena. Mafuta yalipokwisha stovu ilizimika yenyewe, na mdogo wake akasimama.

Faili la dakika 14 bado ninalo. Siku moja nilifikiri kulifuta, kwa kuwa sasa nimeshayasikia yaliyomo. Sikulifuta. Kofia ya fundi wa Gisozi imeshika rangi ya zambarau kwa joto, na matundu mawili matatu yameziba. Jumamosi nitayazibua kwa sindano.